Kila Namba Ina Kiti Chake

Nikimkumbuka Fundi wa Saa, namwona amesimama, na hilo hunishangaza kwa sababu kazi yake ilikuwa ya kukaa. Kutwa alikuwa kwenye kigoda chake katika veranda ya duka la baba yangu pale Emali, kisanduku cha kioo mbele yake, lenzi ndogo nyeusi imebanwa kwenye jicho la kulia, mgongo umejikunja. Lakini nikifumba macho namwona Jumapili, amesimama nje ya kanisa kwenye ukuta wa upande wa kivuli, leso ya mkewe mkononi, akingoja. Watu wazima wako ndani. Nje tuko sisi watoto, mbuzi wa jirani, na yeye.

Jina lake nalijua na sitaliandika. Mwenyewe hakulipenda, alisema jina ni la mama yake na la karani wa vipande vya utambulisho. Emali ilikuwa na mafundi wa kila aina, wa viatu, wa baiskeli, wa redio, wa lori zilizokufa njiani zikitoka Mombasa, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni nani. Sisi watoto tulimwita hivyo hivyo, na aliitika.

Alikuwa mtu mkali. Ukimletea saa iliyoingia maji kisha umwambie haikuingia maji, aliifunga kifuniko polepole, akakurudishia, akakwambia uende mkazungumze kwanza wewe na saa yako mkubaliane. Mwalimu mkuu mmoja alifukuzwa hivyo mbele ya wanafunzi wake na ikabidi arudi keshoye akiwa na maneno mengine. Fundi mwenyewe hakuvaa saa kamwe. Ukimuuliza sababu alikuuliza kama daktari hujidunga sindano kila asubuhi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata siku za vumbi, na kofia yake hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Hakutubembeleza. Alizungumza nasi kama alivyozungumza na watu wazima, yaani kwa ukali uleule, na nadhani ndiyo maana nilimpenda.

Mzaha wake mkubwa ulikuwa juu ya namna tunavyosoma saa. Mwenye saa akija kuichukua, Fundi alimshikia saa usoni na kumuuliza ni saa ngapi. Mtu anasema saa tatu. Fundi anamwonyesha mkono mfupi, uko kwenye tisa. Tatu ameiona wapi?

"Nyinyi wote mnasoma kitu haiko hapo," alisema. "Mkono iko kwa tisa, mnasema tatu. Na hakuna mtu anawaombea."

Watu walicheka, wakachukua saa zao, wakaenda. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba ile sehemu ya kuombewa haikuwa mzaha.

Uso wa saa aliusifu sana. Alisema ni maandishi pekee yaliyopangwa kwa adabu. "Hapa kila namba iko na kiti yake," aliniambia siku moja akiifuta saa ya ukutani ya stesheni ya reli. "Hakuna kusukumana." Gazeti, kwa upande mwingine, alilishika kwa ncha za vidole akalitazama kama mtu anayetazama umati stendi siku moja kabla ya Krismasi, akijiuliza kama safari ni ya lazima. Kisha alilitumia kufungia saa za watu.

Hapa lazima nieleze neno moja, maana mambo yake yote yalining'inia hapo. Kwetu Ukambani nilipokuwa mdogo, watu wa rika la baba hawakusema fulani ameokoka. Hayo yalikuja baadaye na mikutano ya vipaza sauti. Wao walisema fulani anasoma. Wakristo waliitwa asomi, yaani wasomaji, kwa sababu wamishenari wa kwanza walimfundisha mtu kusoma ndipo wakambatiza, na asiyesoma alibaki mlangoni. Mchumba akiletwa nyumbani, swali la kwanza la wazazi lilikuwa, "Hao watu wanasoma?" Hawakuuliza juu ya shule. Kwa hiyo watu waliposema Fundi hasomi, walikuwa wamesema mambo mawili kwa neno moja, na hakuna aliyeona haja ya kuyatenganisha.

Mkewe alikuwa anasoma, kwa maana zote mbili. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye kucheka kwa kuficha mdomo. Watu walimwita Mama wa Vikombe kwa sababu alikuwa miongoni mwa wanawake walioosha vile vikombe vidogo vya Meza ya Bwana baada ya ibada. Jumapili ya Meza, mahubiri yakiisha, mchungaji alitangaza kwamba watoto na wale ambao bado hawajabatizwa watoke kwa heshima. Watoto tulitoka mbio. Nyuma yetu alitoka Fundi, kofia mkononi, hatua za mtu anayepita katikati ya shamba la mwenzake. Kabla hajatoka, mkewe alimpa leso yake ili isilowe maji ya vikombe. Alikwenda kusimama ukutani nayo. Ndani waliimba, wakanyamaza, wakaimba tena. Ibada ikiisha watu walimwagika nje wakisalimiana, na Fundi hakuondoka ukutani, kwa sababu mkewe alitoka mwisho kabisa, mikono imekunjamana kwa maji. Fundi alimpa leso. Walienda nyumbani, mume mbele kidogo.

Sikumbuki mtu mzima mwingine aliyetoka pamoja nasi mara zote zile. Wengine walikuwa wa kupita: mwaka huu wako nje, mwaka ujao wamebatizwa wako ndani. Yeye alibaki.

Si kwamba hakujaribu, tena zaidi ya mara moja. Kanuni ya kanisa letu, au tuseme ya baba yangu, ilikuwa kwamba anayetaka ubatizo aje mbele ya wazee katika chumba cha nyuma, ajibu maswali ya katekisimu kwa mdomo, kisha asome. Baba ndiye aliyekaa katikati. Alikifungua kitabu chenyewe cha katekisimu popote, akaweka kidole, akasema, "Soma hapa." Hakusema kingine. Maswali ya mdomo Fundi aliyajibu yote, hata yale ambayo wazee wenyewe walikuwa wanayachungulia kitabuni. Alikuwa ameyasikia kwa mkewe miaka na miaka, na kichwa chake kilishika kila kitu. Kisha kitabu kiliwekwa mbele yake. Aliinama karibu. Akakisogeza mbali. Akakilaza upande. Baba alisimulia mezani kwetu kwamba jasho lilimtoka mpaka likadondokea ukurasa.

"Inatembea," Fundi aliwaambia.

Wakamuuliza ni nini kinachotembea. Akasema ni maneno. Yanapandana, ya mstari wa chini yanapanda wa juu, akishika moja jingine linakimbia. Alisema kweli tupu, jinsi ilivyokuwa, kwa watu watatu waliokuwa wakimtakia mema. Wazee wakatazamana.

Kufikia siku ya soko, habari ilikuwa imebadilika kidogo tu, lakini ule uchache ulitosha. "Maneno yanamkimbia Fundi" ikawa "Neno linamkimbia Fundi." Na Neno kwa asomi ni moja tu. Watu hawakusema kwa ubaya. Walisema kwa masikitiko, wakishusha sauti wakipita mbele ya kile kisanduku cha kioo. Mtu ambaye Neno la Mungu linamkimbia ana jambo rohoni, na jambo hilo ni kati yake na Mungu wake. Walianza kumwombea kwa jina katika mkutano wa Jumatano, mkewe akiwa amekaa pale pale anasikia.

Kilichomwangamiza zaidi ni kwamba aliweza kusoma mambo mengine. Herufi kubwa zilizochorwa ubavuni mwa lori alizisoma lori likiwa bado linapunguza mwendo. Alisoma bango la stesheni, mabango ya petroli, kibao cha baa iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Siku moja dereva wa lori lililotoka Mtito Andei aliuliza pa kulala, na Fundi, bila kufikiri, akamsomea kwa sauti kibao cha nyumba ya kulala wageni chenye baa chini yake. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa dukani ananunua sukari. Jioni ile ile habari ilikuwa imefika kila nyumba: ya baa anasoma, ya Mungu hasomi.

Macho yake yalikuwa mazuri, na hilo pia lilikuwa ushahidi dhidi yake. Mtu anayeokota skrubu ndogo kuliko punje ya mtama kutoka sakafuni atasemaje haoni? Mara moja mkewe alimshawishi waende mpaka hospitali moja upande wa Kitui, kwa daktari wa macho. Walipanda basi wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Wakamwonyesha karatasi ya alama moja moja, kila moja imegeukia upande wake, aonyeshe kwa mkono imegeukia wapi. Akazimaliza zote. Daktari akamsifu, akasema kwa macho yale anaweza kupewa lori kesho. Mkewe alikuwa na matumaini ya miwani. Waliporudi Emali, Fundi alikaa kwenye kigoda chake na siku kadhaa hakumtania mtu yeyote. Kabla ya Kitui angeweza kusema ni macho. Sasa alikuwa na neno la daktari kwamba si macho, na kilichobaki kilikuwa roho.

Nimesema kanuni ilikuwa ya baba yangu, na nisingependa msomaji amchukie. Baba alijifunza kusoma akiwa kijana wa kuchunga, kwa siri, na babu alipogundua alimpiga na kumfukuza boma. Alipoteza nyumba kwa ajili ya kitabu kile. Kwake kusoma ndiko kulikuwa mlango, na mtu kuingia kwa njia nyingine aliona ni kama kuvunja ukuta. Lakini alimpenda yule mtu. Siku za wiki walikunywa chai pamoja kwenye veranda, baba kwenye gunia la maharagwe na Fundi kwenye kigoda, wakibishana juu ya mvua na siasa na bei za ng'ombe kule Tawa. Ibada ikifika walikuwa watu wengine. Fundi alipokwama mbele ya wazee kwa mara ya mwisho, baba alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja nyuma ya ghala, na mama akatukataza kumfuata.

Gumbaru ilipoanza kwa nguvu na watu wazima wakapelekwa darasani, Fundi alikuwa wa kwanza kuandikishwa. Alikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, pamoja na akina mama wenye vitambaa vyao. Kwenye ubao alifanya vizuri, kwa sababu mwalimu aliandika kubwa, neno moja moja. Walipogawiwa vitabu akanyamaza. Akina mama wakamaliza, wakapewa vyeti, wakaja wengine, nao wakamaliza. Yeye aliendelea kukaa. Mwalimu wa gumbaru, kijana mwenye roho nzuri, alimwambia mwishowe kwamba hakuna lazima. Fundi akamjibu kwamba hata yeye hajasema kuna lazima, akarudi kesho yake.

Baadaye alikuja mchungaji mpya, wa kizazi kingine, akasema hadharani kwamba Bwana hakuweka mtihani wa kusoma mlangoni. Alimwendea Fundi mwenyewe pale verandani na kumwambia atambatiza Jumapili yoyote atakayotaka. Kila mtu alidhani yamekwisha. Fundi alikataa. Alisema hawezi kuingizwa kwa huruma kama kuku aliyenyeshewa. Mkewe alilia. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo cha ualimu na nilimkasirikia sana. Niliona ni kiburi, na kiburi kilikuwapo, sikatai. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba alikuwa na hofu. Kama Mungu ndiye anayemfungia ukurasa, basi mchungaji akimpitisha dirishani, Mungu atamkuta ndani na atamwona.

Kisha zikaja saa za plastiki zenye namba za kuwakawaka. Zilijaa Emali kwa muda mfupi, kila kijana ana moja. Fundi alizichukia kwa moyo wote. Hazina ndani, alisema, hakuna kitu cha kutengeneza, ikifa unatupa. Lakini kuna jambo jingine alilonong'ona nilipomtania kwa kumwonyesha yangu. Alisema zile namba hazina adabu, zinabadilika ukiwa unaziangalia, mbili inakuwa tano, tano inakuwa mbili. Nikacheka nikamwambia hiyo ni dakika inapita. Akaniangalia tu, akarudisha lenzi jichoni.

Mama wa Vikombe alifariki wakati nikifundisha upande wa Kitui. Nilifika mazishini nikiwa nimechelewa. Kanisa lilimzika kwa heshima zote, baba yangu akiongoza akiwa tayari mgonjwa, na wanawake wenzake wa vikombe wakaimba. Fundi alikaa kwenye viti vya familia na leso ile magotini. Mwaka uliofuata tukamzika baba. Duka likauzwa, nami nikawa sina sababu ya kushuka Emali mara kwa mara.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Watu hudhani tuna subira. Hatuna, tuna mazoea tu. Katika mazoea hayo nilikuwa nimewaona watoto wa kila namna wasiojua kusoma: wenye njaa, wenye masikio ya usaha, watoro, wenye kuogopa. Mwaka mmoja nikapata msichana wa miaka minane, mwenye akili, mwenye maswali kuliko wenzake, ambaye maneno ya ubaoni aliyasoma na ya kitabuni hakuyasoma. Nilimwita mezani kwangu, nikamwambia anisomee mstari mmoja. Alitazama, akalaza kitabu upande, akajifuta uso.

"Mwalimu, zinatembea," akasema.



Likizo ile nilienda kwenye kozi ya walimu wa madarasa ya chini, na nikamuuliza mkufunzi, mama mmoja aliyevaa miwani minene. Hakushangaa. Alieleza kwamba kuona si kazi ya jicho peke yake. Jicho huleta, na ubongo hupanga. Wako watoto ambao jicho linaleta vizuri lakini upangaji hauendi sawa: herufi zilizo karibu zinasongana, mistari inaruka, na kadiri maandishi yanavyokuwa madogo na yaliyobanana ndivyo wanavyopotea. Si uvivu wala ujinga wala mapepo. Alituonya tusidhani kila asiyesoma ni huyo, na akakubali kwamba hata wataalamu hawajamaliza kulielewa jambo lenyewe. Lakini wengine husaidika na herufi kubwa zenye nafasi, au na kipande cha kadi kilichokatwa kitundu, wakasoma neno moja moja huku mengine yamefunikwa. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nalia, na nikasema ni mafua.

Nilikata kadi kutoka boksi la majani ya chai kwa wembe. Nikachukua katekisimu ya baba, ile ile, nikaenda Emali.

Veranda ilikuwa na rangi mpya na jina la mtu mwingine juu. Fundi alikuwa pale. Alikuwa amepungua, shati limepigwa pasi lakini kola imetoka nyuzi. Ndani ya kisanduku cha kioo mlikuwa na saa chache tu.

"Mwalimu," akasema. "Saa yako imekufa?"

Nikamwambia sina saa.

"Basi umekuja kunitembelea. Hiyo ni mbaya zaidi."

Nilimweleza habari za yule msichana. Nilitarajia aseme pole, au aseme watoto wa siku hizi. Akaitoa lenzi jichoni, jambo ambalo hakulifanya kwa mteja yeyote, akaanza kuniuliza. Yanatembea vipi, yanaenda mbele ama yanatetemeka hapo hapo? Ya chini yanapanda? Karatasi nyembamba yanazidi, ile ya Biblia inayoonyesha maandishi ya nyuma? Akichoka yanazidi? Nilijibu nilivyojua. Aliuliza haraka haraka, kama mtu aliyekutana ugenini na mtu wa kijiji chake.

"Kuna mwingine," akasema mwishowe, na akarudia kwa Kikamba, akijiambia mwenyewe. Kisha akaniuliza kama mtoto huyo anapigwa. Nikasema kwangu hapigwi.

Nikamweleza yale ya mkufunzi, jicho kuleta na ubongo kupanga. Alinisikiliza akiangalia barabara. Lori lilipita, na nikaona midomo yake ikisoma ubavu wake kwa mazoea.

"Kwa hivyo si Mungu?"

"Si Mungu, Fundi."

"Una hakika? Usiseme hivyo juu ya kunihurumia."

"Nina hakika. Huyo mtoto amekosa nini kwa Mungu, na miaka nane?"

Akaiweka lenzi juu ya kisanduku cha kioo.

"Mama alikuwa anafunga kula juu yangu," akasema, na nikajua ni mkewe anayemtaja. "Kila mwezi. Alikufa akijua ni Mungu alinifungia. Hii maneno yako, mwalimu, imechelewa."

Nilifikiria Jumatano zile zote, mama yule amekaa benchini akisikia mumewe anatajwa. Kama ningekuwa na uwezo wa kumchimbua nimwambie sentensi moja tu, ningechimba kwa mikono.

Alikunywa chai yake ikiwa baridi. Kisha akanyoosha mkono, nikampa kadi. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kile kitundu, akasema imekatwa kama na panya. Nikaweka katekisimu mbele yake nikafungua mwanzo.

"Hapana. Hiyo naijua. Fungua katikati kama baba yako. Na useme vile alikuwa anasema."

Nikafungua katikati. Nikaweka kidole.

"Soma hapa," nikasema.

Akaweka kadi. Neno moja likabaki peke yake kwenye kitundu, na mengine yote yakafunikwa. Alilitazama kwa jicho la kulia, lile la kazi, akiwa amelikaza ingawa lenzi haikuwapo. Akalisema. Akasogeza kadi, akalisema la pili. Ilikuwa polepole kiasi kwamba maana ilipotea njiani na ikabidi irudi. Kwenye neno la tano au la sita alikosea, akanyamaza, akarudisha kadi, akalisema sawa. Nikajua kweli anasoma, kwa sababu alikosea. Kumbukumbu yake haikuwahi kukosea.

Alipomaliza jibu zima alifunika kitabu na kadi ikiwa ndani.

"Iko na kiti yake," akasema.

Yaliyofuata niliyasikia kwa watu. Alijitengenezea kadi nyingine ya bati la kopo, kingo zimelainishwa kwa tupa mpaka zinang'aa, akaenda kwa mchungaji. Mchungaji akafurahi, akasema wapange siku ya ubatizo. Fundi akasema kwanza wazee wakae. Mchungaji akaeleza kwamba wazee hawafanyi hivyo siku hizi, kwamba hata viti vya wazee katika chumba cha nyuma vimepelekwa jikoni. Fundi akasema avirudishe. Wakakaa watatu, vijana tupu, mmoja wao alikuwa nje pamoja nasi utotoni. Wakamfungulia kitabu. Wanasema alisoma mpaka mmoja akaomba ruhusa akamkamue ng'ombe.

Nilishuka Jumapili ya Meza ya kwanza baada ya ubatizo wake. Nilikaa upande wa wanawake na nilimwona vizuri. Mchungaji alitangaza watoto na wale ambao bado watoke, na Fundi akainuka nusu, miguu ikiwa imeshaanza safari yake, kisha akakumbuka, akakaa. Trei ilipofika kwake alikichukua kikombe kwa vidole viwili, kwa namna ileile aliyoshika vitu vidogo maisha yake yote. Alikunywa. Alikaa nacho mkononi kwa muda, akakigeuza kutazama chini yake, na mzee aliyeshika trei akangoja.

Wimbo wa mwisho ulipoisha nilitoka haraka nimpe mkono kabla watu hawajamzonga. Sikumwona mlangoni. Watu walikuwa wakisalimiana kila upande, wakimuulizia, wakitaka kumpongeza. Nikazunguka jengo. Alikuwa kwenye ukuta wa upande wa kivuli, mahali pake, kofia mkononi, na kwenye mkono mwingine ile leso imekunjwa mara nne. Alikuwa ameutazama mlango.

"Fundi," nikasema, "wewe sasa ni wa ndani. Mbona umekuja kusimama huku?"

Hakunigeukia.

"Ngoja kwanza watoke wote," akasema.

Nikasimama karibu naye, mgongo ukutani. Watu wakatoka, wakatawanyika, wakaenda. Wanawake wa vikombe wakatoka mwisho, wakijifuta mikono, wakatusalimia. Kisha mlinzi akaja akafunga mlango.